Nani Atamshika Mkono Elinipendo

Kiboriloni, Moshi
14 Juni 1998

Kwako wifi mpenzi Elisifa,

Salamu nyingi zikufikie huko Singida kwenye vumbi lako. Sisi hatujambo. Mwanangu Shedrack magoti yamejaa vidonda vya mpira, na baba yake yupo nyumbani anapumzika, lori wamempa dereva mwingine kwa muda. Kaka yangu Gidioni, bwana harusi wako, ndiyo usiseme. Tangu mahari ipokelewe anatembea mjini kama diwani, utadhani ni yeye aliyelipiwa.

Nakuandikia habari ya watoto wa maua. Siku hizi huku harusi ambayo bibi harusi hatanguliwi na watoto wawili walioshikana mikono, watu wanaondoka wakisema walikuja kwenye kikao. Kamati imeniachia hilo mimi. Mvulana tunaye, ni Shedrack, na anafanya mazoezi uani kila jioni: hatua, simama, hatua, simama. Kwa kuwa hana msichana wa kumshika mkono, anaushika mpini wa ufagio.

Juzi pale sokoni nimefungua robota la mitumba ya watoto nikakuta gauni jeupe la tabaka tabaka, halina hata doa. Nimelificha chini ya meza kabla wateja hawajaliona. Sasa niambie ni mtoto gani wa upande wenu, nikampime. Ukichelewa nitaliuza, unanijua.

Wifi yako,
Evelyn


Singida
2 Julai 1998

Wifi yangu Evelyn,

Pokea salamu kutoka kwenye hili vumbi unalolicheka. Mimi mzima, darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati lakini tunasogea. Mpe pole shemeji Ebenezeri kwa kukaa nyumbani, najua mtu wa safari akikaa anaumwa roho.

Mtoto ni Elinipendo, binti wa marehemu dada yangu Veronika. Ana miaka sita, anakaa na mama kule Masama. Nilipoondoka Aprili nilimwambia kuwa atatangulia mbele yangu kanisani, na mama anasema tangu siku hiyo anatembea kihambani kote, shamba zima la nyumbani, na ua la boga mkononi, migomba yote imeshamwona bibi harusi. Nikiwa na watoto mia wa kuchagua, ningemchagua huyo huyo.

Panda Masama ukampime. Mama atafurahi kukuona, atakupikia mtori. Na gauni usiuze, nitakushitaki kwa Gidioni.

Wifi yako,
Elisifa


Kiboriloni
23 Agosti 1998

Kwako wifi Elisifa,

Habari za siku nyingi. Sisi tupo tu, Mungu anasaidia. Samahani kwa kukawia kujibu, biashara imenibana.

Masama nilifika. Mama yako nilimwamkia, hajambo, na mtoto nilimwona. Wifi, naomba unisome kwa moyo mtulivu. Yule mtoto ni dhaifu. Kanisa letu ni refu, mwendo ni wa polepole, na siku hiyo kuna kusimama kwa picha na video mpaka watu wazima wanachoka. Nimefikiri tumwonee huruma, tumtafute mwingine. Kuna Goodness wa jirani yangu, mrefu sawa na Shedrack, gauni limemkaa kama lilishonwa kwa ajili yake.

Na jambo la pili, nalisema kwa sababu nisipolisema litasemwa na wengine. Watu wanakumbuka dada yako alivyoumwa. Wameona na vidonda vya mikono ya mtoto. Baba Shedrack amesema mwanawe hatashikana mkono na yule mtoto mbele za watu, na mimi siwezi kuvuka neno la mume wangu. Siyo mimi, wifi, ni watu. Wewe umesoma, utaelewa.

Wifi yako,
Evelyn


Singida
5 Septemba 1998

Evelyn,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Barua yako ilifika siku moja na ya mama. Kwa hiyo nimesoma safari yako ya Masama mara mbili, na zinatofautiana. Mama anasema ulisimama mlangoni. Anasema alikukaribisha kiti ukasema basi litakuacha, akakuletea maziwa ukasema umeshiba. Kisha ukamrushia mama futi ya kupimia, yeye ndiye akampima mjukuu wake huku wewe ukiandika namba kwa mbali. Ulipoondoka mtoto aliuliza kwa nini yule mama mwenye gauni hakumpima yeye mwenyewe. Nijibie wewe.

Unaandika "dada yako alivyoumwa". Sema neno lenyewe, hatujifichi: ni ukimwi. Veronika alikufa kwa ukimwi, na mtoto hospitali wameshatuambia naye anao. Haambukizi kwa kushikwa mkono. Hilo linasemwa redioni kila wiki na wewe redio unayo mezani pale sokoni.

Unataka kujua kwa nini namng'ang'ania? Kwa sababu hatafika kwenye harusi yake mwenyewe, Evelyn. Hii yangu ndiyo atakayokuwa nayo. Kama Elinipendo hatembei, na mimi sitembei. Waambie kamati.

Elisifa


Kiboriloni
27 Septemba 1998

Wifi Elisifa,

Salamu. Nimekasirika nikakaa na barua yako wiki nzima, ndiyo maana nachelewa.

Hasira ni zako, harusi ni ya koo mbili. Kadi zimeshagawiwa, ng'ombe ameshatengwa, ukumbi umeshalipiwa. Sasa unaniambia niende nikasimame mbele ya wazee niseme bibi harusi amegoma? Gidioni nilimsomea barua yako. Alisema wewe ni mwelewa, utatulia.

Umeyataka mengine mwenyewe. Mama yetu ameniuliza kama ni wewe uliyemuuguza dada yako. Anauliza ulimwogesha nani, ulilala wapi. Nilimwambia sijui. Lisemwalo lipo, wifi, na likianza kusemwa halichagui wa kumwacha. Mtoto akitembea mbele yako watu hawatamwangalia yeye peke yake, watakuangalia na wewe. Mimi najaribu kukusitiri, wewe unanitupia mawe.

Goodness ameshaanza mazoezi na Shedrack.

Evelyn


Singida
6 Oktoba 1998

Evelyn,

Mwambie mama mkwe, shikamoo, na mwambie ni mimi. Nilimwogesha, nilimlisha, nililala naye kitanda kimoja mpaka asubuhi ile. Akitaka kuniuliza lolote aniulize mimi, nitakuja.

Gidioni nimemwandikia peke yake. Nimemuuliza jambo moja tu. Mpaka anijibu, msipike chochote kwa jina langu.

Elisifa


Kiboriloni
8 Novemba 1998

Wifi yangu Elisifa,

Sijui kama bado nina haki ya kukuita hivyo. Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na barua hii nimeianza na kuichana hata nimechoka.

Jumatano nilipanda Masama tena. Safari hii nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba cha baba, nikalifunga kitambaani. Nilimwambia mama yako nimemkosea, nikampa. Unajua isale, jani la kuombea msamaha, likishaletwa hakuna Mchagga wa kulirudisha. Mama yako hakulipokea. Hakulikataa pia. Alisema, "Mwanangu, aliyekosewa si mimi. Yuko kule nyuma anachunga kuku." Nikaenda nyuma. Mtu mzima mimi, nikapiga magoti kwenye mbolea, nikamnyooshea mtoto wa miaka sita isale.

Hakujua ni kitu gani. Alidhani nimemletea ua la harusi. Alilishika kwa mikono miwili akaanza kutembea, hatua, simama, mpaka mwisho wa uwanja, akageuka kuniangalia kama amekosea. Nililia, wifi. Nilimpigia makofi huku nalia.

Sasa nikuambie kwa nini nilisimama mlangoni ile siku ya kwanza. Sikumwogopa. Redio nasikia kama wewe. Ni kwamba nilipoiona mikono yake niliijua. Vidonda kama vile naviosha nyumbani kwangu kila usiku. Ebenezeri hakupewa mapumziko ya lori, Elisifa, amepunguzwa kazi kwa sababu hawezi tena kupanda kwenye gari. Alikataa Shedrack ashikane mkono na Elinipendo kwa sababu watu wakiwaona wale watoto wawili pamoja wangeunganisha, wangesema tazama, wote wawili ni watoto wa ugonjwa ule. Ndivyo alivyosema, na mimi nikaona ana akili. Mficha maradhi kilio humfichua, methali hiyo nimewarushia wengi pale sokoni na sikuwahi kuisikia masikioni mwangu mwenyewe.

Gidioni hajui. Mama hajui. Mimi sijapima, nashindwa. Sasa wewe unajua, na ukitaka kunimaliza umeshashika kisu.

Evelyn


Singida
17 Novemba 1998

Wifi Evelyn,

Pole. Naliandika neno hilo naliona dogo, lakini sina kubwa zaidi. Pole wewe, pole shemeji.

Isale hukuniletea mimi, kwa hiyo mimi sijafungwa na kitu, naweza kukasirika nikitaka. Bado nina hasira kidogo, sikudanganyi. Ulinitisha na jina la dada yangu wakati ugonjwa huo huo ulikuwa nyumbani kwako. Hilo litaisha polepole, ulivumilie. Siri yako haitatoka kwangu.

Gidioni alifika hapa Jumamosi na basi, amevimba miguu. Alisema barua ilimshinda kujibu kwa kalamu. Alikunywa chai, akasema mtoto atatembea, na kwamba mama yenu ameshaambiwa na amenuna na atakuja. Nilimpikia wali.

Kwa hiyo harusi ipo. Lakini nina sharti, na ni kwako. Siku hiyo Elinipendo atavalishwa na wewe. Siyo mama yangu, siyo matroni. Wewe umwogeshe, umpake mafuta mikono yote miwili, umfunge vifungo, mbele ya wale wanawake wote watakaokuwa chumbani. Na Shedrack amshike mkono, baba yake apende asipende. Ukiweza hayo sitakuuliza kitu kingine maishani. Usipoweza, niandikie mapema nibaki huku na watoto wa shule.

Wifi yako,
Elisifa


Kiboriloni
10 Januari 1999

Wifi yangu Elisifa,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini ulifika salama na Singida bado ipo. Novemba sikukujibu kwa sababu sikuwa na hakika mpaka mtoto alipokaa mapajani mwangu asubuhi ile ya harusi nimwogeshe. Ulikuwepo, uliona. Mama yetu aliona pia, alitoka nje, akarudi na taulo.

Lakini yaliyotokea kanisani wewe uliyaona kwa nyuma, na shela usoni, na kesho yake ulikuwa na wageni. Nataka uyajue kama nilivyoyaona mimi nikiwa nimekaa benchi la pembeni na Ebenezeri.

Walitembea vizuri. Shedrack alimshika mkono kwa nguvu mpaka nikaogopa atamuumiza. Walipofika katikati mtoto miguu ilimwisha. Hakuanguka, alikaa tu chini kwenye zulia, gauni lote likamzunguka. Kwaya iliendelea kuimba. Shedrack hakumwachia, naye akakaa. Wewe ulisimama, na nyuma yako kila mtu akasimama, na mnong'ono ukaanza upande wa wanawake. Nilisikia jina la Veronika, kisha nikasikia mtu anauliza yule mvulana ni wa nani. Ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu Agosti. Nakuambia ukweli, nilibaki nimekaa.

Ebenezeri ndiye aliyeinuka. Unakumbuka alivaa koti kubwa na joto lile la Desemba. Alilivaa vidonda vya mikono visionekane. Sasa hawezi kubeba mtoto na koti lile, linamlemea, kwa hiyo alilivua akaliweka kwenye benchi, akabaki na shati. Elisifa, kanisa zima liliiona mikono yake. Alitembea taratibu akishika mabenchi, akamwinua Elinipendo, Shedrack akashika suruali ya baba yake, wakaenda hivyo watatu mpaka madhabahuni. Mnong'ono uliisha.

Usiku tulipofika nyumbani nilimwuliza ilikuwaje, yeye aliyekuwa hataki hata mikono ya watoto igusane. Akasema, "Ni mwepesi sana yule mtoto, Mama Shedrack. Nilipomwinua ndipo nikajua unasikia nini ukiniinua mimi kitandani."

Sokoni wapo wateja wasiosimama tena mezani kwangu. Wengine wanasimama, na mmoja alinishika mkono muda mrefu bila kununua, nikajua na kwake wamo wagonjwa. Gidioni anakuja jioni kumsaidia shemeji yake kuoga, wanataniana mambo ya mpira.

Kesho tunakwenda hospitali, Ebenezeri, Elinipendo aliyelala hapa kwetu, na mimi, basi moja. Yeye na mtoto wanakwenda kupewa dawa za vidonda. Mimi nakwenda kupima. Naogopa, wifi, sikufichi. Likizo ya Pasaka usishukie njia ya Masama, njoo kwanza hapa Kiboriloni.

Wifi yako,
Evelyn