Vanishi ya Meli Yako

Likoni,
2 Desemba 1963

Kaka Barakat,

Wa alaikum salaam. Karatasi za bendera mpya ulizotuma toka London zimefika, hazikukunjika. Nimesoma namna ya kuimalizia ile meli yako ndogo ya mbao, ambayo afisi ya bandarini inaitaka dirishani siku ya Uhuru: kwanza ipakwe vanishi mpaka iteleze, ndipo bendera zibandikwe, la sivyo upepo utaingia chini zifanye weupe. Kurasa mbili za vanishi, na mama hukumtaja hata kwa salamu.

Basi nimefanya ulivyoamuru. Ulisema madirisha yafungwe mpaka ikauke, vumbi lisitue. Nyumba hii waijua, chumba chenye madirisha ya kufungika ni cha mama peke yake. Nikaipaka humo. Harufu ikamchochea pumu. Nilipokwenda kufungua, akanishika mkono.

"Wacha, Ruwaida. Kazi ya mwanangu itaharibika."

Nikaacha. Nyumbani kwetu neno lako halivunjwi, hata ukiwa ng'ambo.

Tumemzika Ijumaa baada ya swala. Watu walikuwa wengi, wakakuulizia. Nikawaambia una kazi.

Bendera sijazibandika. Njoo ubandike mwenyewe. Vanishi imekauka vizuri, wallahi, haina hata chembe ya vumbi. Ukiinamia utauona uso wako.

Nduguyo wa toka nitoke,
Ruwaida