Kiapo Katika Kanuni ya Saba

Jumamosi, saa kumi alasiri. Mvua ya masika imeshika tangu alfajiri, na Mlima Meru haujaonekana siku ya tatu leo.

Naandika darasani, dawati la nyuma, maana bwenini siwezi kukaa.

Nimeogopa mambo mengi maishani. Fimbo ya baba. Nyati aliyeshuka kutoka msituni akaingia kwenye migomba yetu Akheri nikiwa mdogo. Mtihani wa darasa la kumi. Leo nimejua kwamba siku zote hizo nilikuwa sijaogopa bado.

Nianze mwanzo, nisije nikajidanganya hata humu.

Miezi miwili iliyopita mama yake Hamisi alifariki. Hamisi ni rafiki yangu tangu tulipopangiwa dawati moja; baba yake ni fundi cherehani kule Ngarenaro. Shuleni kwetu wanafunzi wana vikundi vyao, lakini vyote ni vya dini. Walutheri tuna chetu, Wakatoliki wana chao, na Waislamu, ambao hawafiki kumi shule nzima, hawana. Mtu wa kikundi akifiwa, kikundi humwombea ruhusa na wenzake huenda naye kuzika. Hamisi hakuwa na kikundi. Alitoka peke yake kwa miguu, mikono mitupu, nami nilimtazama kupitia dirisha la darasa akiipita kona ya barabara. Mimi nilikuwa na kikundi. Sikufungua mdomo.

Aliporudi hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Kaanaeli, ingefaa tuwe na chama cha wanafunzi. Cha wanafunzi, basi. Mtu asiulizwe anaabudu wapi."

Ndivyo tulivyoanza. Tuko kumi na mmoja: Walutheri sita, Waislamu wanne, Mkatoliki mmoja. Mwalimu Filipo, anayetufundisha jiografia, alikubali kuwa mlezi wetu. Ndiye aliyetueleza kwamba Bwana Mkuu, Mzungu anayeiongoza shule, hatasikiliza habari ya chama kisicho na kanuni zilizoandikwa. Basi Jumapili nne mfululizo, baada ya chakula, tukakaa kuandika kanuni. Nikachaguliwa katibu kwa ajili ya mwandiko wangu. Si kwa ajili ya akili, hilo leo limeonekana.

Kanuni ya tatu ilikula Jumapili nzima. Niliandika: "Chama hiki si cha dini yoyote. Mikutano yake haitafunguliwa wala kufungwa kwa sala." Yeremia, kijana wa Machame, mtoto wa mchungaji, akasimama.

"Mkutano usio na sala ni kama kula bila kunawa," alisema. "Baba akiniuliza nitamjibu nini?"

"Na mkisali kwa jina la Yesu," Hamisi akamwambia kwa upole, "mimi niseme amina ya nini?"

Walibishana mpaka kengele ya chai. Mwishowe ni Yeremia huyo huyo aliyepata njia: kila mkutano uanze kwa dakika moja ya kimya, anayetaka kusali asali moyoni, asiyetaka afikirie ugali wake, na asiulizwe. Tukacheka, tukapiga kura. Mikono kumi na mmoja ilinyooka juu. Nilihesabu mara mbili kwa raha tu ya kuhesabu.

Kanuni ya saba haikuchukua hata robo saa.

Hamisi alisema kwamba mtu akikileta chamani kilio cha nyumbani kwao, wenzake wasikitembeze bweni kwa bweni. Jambo la heshima tu. Wote tukakubali, nikaachiwa mimi kupanga maneno. Nami nikataka maneno yawe mazito. Nikataka Bwana Mkuu ayasome aseme, huyu katibu ni nani? Nikaandika: "Kila mwanachama atakula kiapo cha kutunza siri za chama hadi kufa."

Hadi kufa! Niliongeza hilo kwa sababu lilinipendeza masikioni.

Jana asubuhi nikazipeleka kanuni ofisini, nikamkabidhi karani, nikarudi kifua mbele. Mchana nikampa Mwalimu Filipo nakala yake. Alisoma anatabasamu mpaka akafika ukurasa wa pili. Hapo akavua miwani.

"Hili la kiapo kaandika nani?"

"Mimi, mwalimu."

"Na nakala nyingine iko wapi?"

"Nimeshaipeleka kwa Bwana Mkuu."

Akainuka, akafunga mlango. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "wewe husikii yanayosemwa mjini?"

Nasikia. Nani asiyesikia? Ng'ambo ya mpaka, Kenya, kuna vita vya msituni, na inasemekana watu wa vita hivyo hula kiapo cha siri. Jina lao silitaji hata humu. Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi huku kwetu kwenye mashamba ya walowezi wamepakiwa kwenye malori pamoja na watoto na vyungu vyao, wakarudishwa kwao. Baba aliniambia likizo iliyopita kwamba siku hizi watu watatu wakisimama pamoja kwenye mibuni, wa nne anakuja kuuliza wanazungumza nini. Na sisi Wameru, tangu wenzetu walipoondolewa na serikali kwenye ardhi yao, tunatazamwa kwa jicho lingine kabisa.

Nami, kijana wa Kimeru, nimeandika kwa wino mweusi na mwandiko mzuri: kiapo, siri, hadi kufa.

Leo saa tatu asubuhi niliitwa.

Bwana Mkuu hakuniambia nikae. Karatasi yetu ilikuwa mezani, na chini ya kanuni ya saba palipigwa mstari mwekundu. Akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: kiapo hiki ni cha nini? Kimekwisha kuliwa? Nani wamekula? Nikajibu hapana, bwana, bado, bwana, ni maneno tu, bwana. Niliona vidole vyake vinagonga meza, halafu nikatazama vizuri nikaona havigongi. Vinatetemeka.

Hapo ndipo nilipokwisha. Mpaka dakika ile nilidhani mwenye hofu mle ndani ni mimi peke yangu. Mtu mwenye nguvu akiogopa, hujui atafanya nini.

"Wazo la kutunza siri," akasema, "lilitoka kwa nani?"

Nikasema, "Hamisi."

Hakuniuliza mara ya pili. Hakunipiga wala kunitisha. Na wala sikusema uongo, wazo lilikuwa la Hamisi. Lakini kiapo kilikuwa changu, na hadi kufa ilikuwa yangu, na hayo sikuyasema. Nilimwacha Bwana Mkuu afikirie atakavyo.

Akaniambia niende.

Nikaenda. Nilipofika uani nikavuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa tamu. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Saa nne Hamisi akaitwa. Saa tano nikamkuta bwenini, blanketi limekunjwa, anapanga vitabu kwenye sanduku lake la bati. Ameambiwa afungashe. Jumatatu Bwana Mkuu atapeleka habari Boma, kwenye ofisi ya serikali, na mpaka wakubwa wa huko watakaposema neno, Hamisi si mwanafunzi tena. Vijana wengine walisimama mbali naye kama mtu mwenye ndui. Hata Yeremia.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Ameniuliza kama wazo ni langu. Nikasema ni langu." Alikuwa anahangaika na komeo la sanduku, halishiki. "Ningesema nini?"

"Hukumwambia maneno yaliandikwa na nani?"

Akaniangalia. "Hakuniuliza hilo."

Nikaelewa kwamba hajui nimemtaja. Alidhani tutaitwa wote mmoja mmoja, na yeye zamu yake ndiyo imekuja vibaya. Angeondoka bila kujua, baba yake angempokea bila kujua, na mimi ningebaki katibu.

Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko.

Nikasimama pale kwenye mvua, najitafutia sababu. Nikijitaja, nyumbani kwetu Akheri panajulikana, na baba ni mzee wa kanisa. Kosa la Hamisi ni wazo tu, langu ni mwandiko, na mwandiko ni ushahidi. Hamisi akirudi kwao atashona nguo na baba yake. Mimi wanaweza kunifunga. Sababu zilikuwa nyingi, na kila moja ilionekana nzuri. Mara mbili nilifika mlango wa ofisi nikageuka. Mara ya tatu karani akaufungua kabla sijagonga.

"We kijana, unaingia au huingii? Nakuona dirishani tangu saa ile."

Nikaingia.

Mwalimu Filipo alikuwa mle ndani, amekaa, kofia magotini. Alikuja kutuombea bila kutuambia, na sauti yake ilikuwa imekauka kama mtu aliyesema sana. Nikasema yote kwa Kiingereza changu kilichovunjika. Kiapo nimekiweka mimi. Nilitaka maneno yapendeze. Hamisi alitaka tu mtu asisengenywe kwa kufiwa na mama yake.

"Kwa nini hukusema asubuhi?" Bwana Mkuu akauliza.

"Niliogopa, bwana."

Nilisikia mvua kwenye bati.

"Ni kijana anayependa maneno makubwa, bwana," Mwalimu Filipo akasema. "Hakuna zaidi ya hapo."

"Maneno makubwa," Bwana Mkuu akajibu, "mwaka huu yanaua watu."

Alinisukumia karatasi safi na kalamu. Akaniambia niandike upya ukurasa wa pili, na kwenye kanuni ya saba niandike kile hasa tulichotaka kusema. Nilikaa mbele yake, maji yakinidondoka kwenye nywele. Nikaandika: "Mwanachama asitangaze shida za mwenzake." Basi. Hivyo tu. Siku ile ningeandika hivyo, tungekuwa tunapiga mpira leo.

Akasoma, akainamisha kichwa kidogo. Ukurasa wa zamani akauchana, akautia kwenye moto wa ofisi, akasimama akiutazama mpaka ukawa majivu. Akasema Hamisi atoe vitu vyake sandukuni. Boma haitaandikiwa. Chama atakifikiria mwisho wa muhula, na adhabu yangu atanitajia Jumatatu.

Nikakimbia bwenini. Hamisi alikuwa amekalia sanduku. Nikamwambia kwamba harudi nyumbani, anabaki shuleni. Alifumba macho. Kisha, kabla ujasiri haujanitoka, nikamwambia lile lingine.

"Aliyekutaja ni mimi."

Akafumbua macho. "Alikupiga?"

"Hapana."

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za mji wa mbali. Akafungua sanduku, akaanza kutoa vitabu kimoja kimoja, kila kimoja anakifuta kwa mkono wa shati. Nikainama nimsaidie.

"Kaanaeli, toka kwanza," akasema. "Nitakuita mwenyewe."

Hajaniita. Saa tatu zimepita.

Nami ningeishia hapa, lakini kuna jambo limetokea sasa hivi, nikiwa kwenye dawati hili hili. Yeremia aliingia. Bwenini wamejua kwamba Hamisi harudi kwao, na kwamba nilionekana nikiingia ofisini nimelowa. Ya asubuhi hawayajui, Hamisi hajamwambia mtu. Yeremia akanipa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. "Umemwokoa mwenzetu," akasema. "Mimi nilimkimbia, wewe ukaenda." Machozi yalimlengalenga.

Nikasema ahsante.

Nilisema ahsante! Mdomo huu huu, siku hii hii.

Kesho saa nane kuna mkutano. Nitasimama niwaambie wote nilivyomtaja Hamisi, kisha niweke daftari na kalamu mezani wachague katibu mwingine. Yeremia atakuwa amekaa mbele, kama kawaida yake, ananitazama usoni. Hatanipa tena mkono ule. Hofu ya Bwana Mkuu leo imepita, lakini ya Yeremia ndiyo kwanza inaanza, na kesho hakuna karani wa kunifungulia mlango.