Sisimizi Kwenye Stesheni Yetu

Babu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukupa habari ya sisimizi kabla sijakuamkia.

Wameingia stesheni. Ile yetu ndogo ya mfano, ya juu ya ubao, uliyoanza kuijenga chumbani kwako baada ya kustaafu kazi ya reli. Nilitoka shule nikakuta wamejipanga kutoka dirishani mpaka kwenye njia ya treni, wanabeba ardhi. Babu, wanabeba ardhi yetu, punje kwa punje, wanaondoka nayo! Wengine walikuwa wameshapanda gunia la unga, na hapo ndipo Mama alipochoka.

"Kabula, nimevumilia," alisema. "Nikiwaona tena humu ndani, huo ubao unakwenda bandani kwa kuku."

Wewe unajua maana yake. Karibu kila kitu pale kinalika. Majani ya miti ni nsansa, yale majani ya kunde aliyoyakausha Bibi, tukayasaga. Nyasi ni ndevu za mahindi. Miamba ni michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, na kokoto za reli ni maganda ya mayai. Kuku wangemaliza stesheni kabla jua halijazama. Hata Bibi alishawahi, unakumbuka? Aliingia kutafuta kiberiti, akatoka anatafuna.

"Mama Minza, umekula mlima wa watu!" ulimwambia.

"Hauna hata chumvi," akajibu, akaendelea kutafuna.

Kwanza nilidhani kosa ni gundi. Nikapika nyingine ya unga wa muhogo, nikatia maji ya mwarobaini kama ulivyonifundisha. Wakarudi. Nikafuta dirisha kwa mafuta ya taa. Wakapita mlangoni. Nikasema labda ardhi ina unyevu. Nikakwangua yale majani ya chai yote tuliyoyafanya ardhi, nikayakaanga kwenye kikaango kikavu.

Yakanukia sukari inayoungua.

Nilikaa chini pale pale jikoni. Babu, ardhi yetu yote ilitoka kwenye chai yako. Kwa ajili ya ugonjwa wako, ulichemshiwa peke yako kwenye kile kisufuria kidogo, rangi tupu bila sukari, na sisi tukayaanika majani yake juu ya bati mpaka yakawa meusi kama udongo wa mbugani. Tangu tulipokuzika, chai ya nyumba hii ni moja tu, maziwa na sukari vinachemka pamoja. Mimi nilipoona ardhi inapungua upande wa mto, nikachukua majani ya humo. Hakuna aliyeniambia kuwa sukari itawaita sisimizi, kwa sababu wa kuniambia ni wewe.

Kisufuria Mama alikifungia sandukuni pamoja na kofia yako. Niliogopa kukiomba. Nilikuwa nayajaribu maneno njiani, kutoka shule mpaka nyumbani, nikifika yananipotea. Mwishowe nikasema tu, "Mama, naomba kisufuria cha Babu."

Akaacha kuosha vyombo. Aliingia ndani akakaa huko, alipotoka alikuwa anakifuta kwa kanga, ingawa hakikuwa na vumbi.

Sasa chai ile anainywa Bibi. Ukimwona! "Mzee alikuwa anaimeza adhabu hii kila asubuhi?" Lakini anaimaliza, kisha ananisogezea majani.

Nimebadilisha ardhi yote. Tangu hapo sina raha, nahofia watarudi. Nikifika nyumbani naangalia ubao kabla sijavua begi. Juzi mwalimu wa Jiografia aliniita jina, nikasimama, sikujua ameuliza nini. Siogopi kuku, Babu. Naogopa kusahau. Ule ukijani wa kando ya mto, ulichanganya nsansa na nini? Binzari? Sikumbuki tena. Nikiinama juu ya ubao ndipo naona vidole vyako vikibana punje, nawe ukipuliza. Ubao ukiondoka nitaviona wapi?

Leo mchana Mama ameingia. Amewasha tochi ya simu ingawa kulikuwa na mwanga, akamulika dirishani, akamulika chini ya ubao, akapita na reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasimama kwenye stesheni, akainama. Hakuinuka. Nikajua amemwona sisimizi mmoja, nikaanza kulia kimya kimya.

"Hawa abiria," akasema, "wamesimama juani tangu lini?"

Nikamtazama. Alikuwa anawaangalia wale watu wetu wa njiti za kiberiti.

"Stesheni haina hata mti. Baba naye! Wanaungua hawa."

Kisha tukaubeba ubao pamoja, yeye mbele mimi nyuma, tukauweka juu ya kabati la sebuleni, mahali ambapo bati halivuji. "Ila nikimwona hata mmoja, Kabula..."

Kwa hiyo bado nina wasiwasi. Mawingu yameanza kujikusanya, na nsansa ikipata unyevu inaota ukungu. Lakini kesho nikitoka shule nitatafuta mizizi ya mgunga, ile myembamba yenye matawi mengi. Nitaikausha mpaka ivunjike kwa sauti. Nitawapandia mti mpana, na nitauweka mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu.

Pumzika, Babu. Nakuahidi, hakuna abiria wako atakayesubiri treni juani.

Mjukuu wako,
Kabula