Lengo la Sita

Jumatatu, 8 Juni

Nimechemsha maji, nimepiga pasi gauni la kijani, nimemwachia mama uji wake, nimepanda gari la Kivinje. Ukumbi ni ule ule wenye kuta nene na popo darini. Chama chetu cha waratibu wa maafa kinaandika mpango mkakati wa miaka mitano. Wafadhili hawatoi kitu siku hizi bila mpango.

Mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo nimepewa kalamu nene na karatasi kubwa za ukutani. Mwezeshaji ni mama mmoja kutoka Dar, Bi Grace. Kauliza tunaogopa nini. Watu wakataja mvua, njaa, moto sokoni, kipindupindu. Nimeandika vyote. Nandonde hakutaja kitu. Alikaa karibu na dirisha.

Yeye ndiye mratibu wa wilaya yetu, mimi msaidizi wake. Mwezi wa nne basi la mtu mmoja tajiri lililazimisha kuvuka mto uliofurika. Siku hizi mabasi ni ya watu binafsi, yanagombania abiria. Maji yakalibeba. Nandonde aliingia majini na vijana wa kijiji. Mimi nilibaki ukingoni, napokea wanaotolewa. Wazima nawafunika khanga. Wengine nao nawafunika khanga.

Tangu siku hiyo sihisi kitu. Nalala vizuri. Nakula. Mama anasema nacheka wenzangu wakiwa wameshamaliza kucheka.

Jumanne, 9 Juni

Nguvu zetu, udhaifu wetu. Mwenyekiti ni Mzee Likwata wa Lindi, mwanajeshi mstaafu, nguo zake hazina kunyanzi hata jioni. Anataka redio za upepo, boti, na mafunzo ya nje. Anasema mfadhili anapenda kitu kinachohesabika. Nadhani ni kweli.

Wakati wa chai Nandonde alitoka, hakurudi. Bi Grace akanituma. Nikamkuta nyuma ya ukumbi, ameketi juu ya pipa lililopinduliwa, chai imepoa mkononi.

"Dada Somoe, wewe unalala?"

Nikamwambia nalala.

"Mimi nalala nimekaa."

Nikamwambia wanatungoja. Tukarudi. Nikaandika "mawasiliano duni" chini ya udhaifu.

Jumatano, 10 Juni

Umeme hakuna. Ugali na kisamvu. Mama kasema kisamvu kimezidi nazi. Sikuona tofauti.

Alhamisi, 11 Juni

Leo malengo. Matano yalipita kabla ya adhuhuri. Redio, boti, maghala ya chakula, mafunzo, ofisi ya chama. Bi Grace akauliza kama kuna jingine. Mkono wangu ukanyanyuka. Sikuwa nimepanga. Nikasema lengo la sita liwe kuwahudumia wanachama wenyewe baada ya tukio. Mtu apumzishwe. Apate wa kuzungumza naye. Asirudishwe ofisini kesho yake kama aliyetoka harusini.

Mzee Likwata akatabasamu.

"Tukiandika hivyo, wafadhili watasema sisi wenyewe ndio maafa."

Ukumbi ukacheka. Bi Grace hakucheka. Akaniomba mfano. Mfano nilikuwa nao, ameketi karibu na dirisha. Sikutaka kumuuza.

Nandonde akasimama mwenyewe. Akasema ana binti mdogo, na tangu mwezi wa nne hawezi kumwogesha. Mkewe ndiye anayemwogesha. Yeye akisikia maji yanamwagwa kichwani mwa mtoto anatoka nje ya nyumba, anatembea mpaka barabarani. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. Kisha akaketi.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Likwata akafunga kikao. Kesho tutaona, alisema.

Nilimtafuta Nandonde nje. Alikuwa ameshaondoka.

Ijumaa, 12 Juni

Nandonde hakuja.

Tulianza baada ya swala. Mzee Likwata alisema kwa upole kwamba mtu aliyefikia hali ile hawezi kushika wilaya. Atazungumza na wakubwa ahamishiwe kazi nyepesi. Akaniambia niandike, chini ya mambo mengineyo.

Nilitafuta hasira ndani yangu. Nilikuta uchovu tu. Lakini kalamu niliiweka mezani. Nikasema naomba mwingine aandike. Nikaenda kukaa nyuma.

Kalamu ilibaki pale. Feni haizunguki, joto, watu wanatazama meza. Halafu Mama Mkwanda wa Nachingwea, ambaye siku zote nne hakuwa amefungua kinywa ila kwa salamu, akasema, "Mimi tangu ule moto wa mabwenini nalala mlango wazi. Mwaka wa ngapi huu. Mume wangu anadhani ni joto."

Hakuna aliyemwuliza.

Tukapiga kura. Lengo la sita likapita kwa tofauti ya kura chache. Mzee Likwata akaomba neno "kuwahudumia" lifutwe, liandikwe "kuzingatia hali zao". Bi Grace akasema neno hilo halipimiki. Mzee akasema ndiyo maana amelichagua. Likapita hivyo. La mwisho, bila fungu la fedha. Habari ya Nandonde haikuandikwa, lakini Mzee alisema iko palepale, ataimaliza mwenyewe Jumatatu.

Nimefika nyumbani nimekunywa maji, nimekaa. Nilifikiri nitafurahi kidogo.

Jumamosi, 13 Juni

Fatuma, mke wa Nandonde, alibisha hodi tukiwa bado tunafagia uwanja. Mtoto mgongoni. Mumewe hajarudi tangu Alhamisi. Alidhani wamelala Kivinje kwa ajili ya kikao.

Nilivaa viatu. Kutafuta watu ndiyo kazi yangu, miguu inaijua. Stendi, hapana. Hospitali, hapana. Polisi, hapana. Nikapiga simu kutoka posta kwenda nyumba ya wageni ya Kivinje, nikamwambia Mzee Likwata. Nilidhani atasema nilikwambieni. Alisema, "Ningoje njia panda." Akaja na gari lake, anaendesha mwenyewe.

Hatukusema tunakwenda wapi. Tulikwenda mtoni.

Maji yamepungua, unavuka umekunja suruali. Wanawake wanafua. Tukauliza. Hakuna aliyemwona. Mzee alitembea ukingoni kuelekea chini, taratibu, anatazama kwenye matete, viatu vyake vizuri vimejaa tope. Nilimtazama mgongo. Ndipo nikachuchumaa pale pale ukingoni. Hofu. Niliitambua. Sikuwa nimehisi kitu tangu mwezi wa nne, na cha kwanza kikawa hicho.

Mwanamke mmoja aliniletea maji ya kunywa. Tulitafuta mpaka jua likawa upande mwingine. Nimerudi, nimemwambia Fatuma bado. Amelala hapa, na mama.

Jumapili, 14 Juni

Yupo. Yuko Mitole.

Fatuma alikumbuka dada mkubwa wa mumewe ana shamba huko. Hakuwa amemtaja kwa sababu wamegombana muda mrefu. Tulikwenda wote kwa gari la Mzee.

Nandonde alikuwa shambani anakata ufuta. Shati limemlowa. Kumbe alimpa dereva wa lori ujumbe ampelekee mkewe, na lori likapitiliza. Fatuma hakumgombeza. Alimpa mtoto, akaenda kukaa chini ya banda na wifi yake.

Mzee Likwata alibaki kasimama kati ya mafungu ya ufuta.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

Mzee akauliza anarudi lini kazini.

"Sijui, mzee."

Mzee akainama, akatoa mbegu zilizoingia kwenye kiatu. Ilimchukua muda.

"Basi usirudi mpaka ujue. Ukiulizwa, mimi nimekupa ruhusa. Somoe atakaimu."

Hakutaja lengo. Hakutaja kazi nyepesi. Tulipewa mihogo ya kuchoma, tukala tumesimama. Wakati wa kurudi, karibu na Nangurukuru, alisema alipokuwa jeshini kulikuwa na rafiki yake. Nikangoja. Hakuendelea.

Jumatano, 24 Juni

Mpango umekuja kutoka Lindi, umepigwa chapa, jalada la bluu. Nimeusoma ofisini peke yangu. Lengo la sita liko ukurasa wa mwisho, mistari miwili. Nimeuweka kabatini.

Fatuma amehamia Mitole mpaka mavuno yaishe. Anasema mumewe anakula.

Simu ya ofisi haikulia leo. Mchana nilimpigia Mzee Likwata. Nilimwambia Nandonde akirudi, na mimi naomba kupumzika. Sikutoa sababu.

"Kwa nini umngoje?" alisema. "Anza kesho. Nitamtuma mtu kutoka huku."

Nimemwambia mama. Kauliza nitafanya nini nyumbani siku nzima. Nimesema sijui, nitakaa tu. Akasema sawa, akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi.