Mama Kwenye Chumba cha Muziki

Mwenzangu, nimetoka na mama pale shuleni sasa hivi.

Unajua tangu kitindamimba wetu afie pale kwa pumu, mama hajawahi kukanyaga. Leo ilikuwa siku ya wageni, akasema twende, anataka kuona chumba cha muziki tu.

Msichana wa kidato cha sita akatuzungusha. Akasema shule ilianza na madarasa mawili ya mabati, leo ina maabara, bwawa la kuogelea, maktaba ya ghorofa. Binti ana maneno huyo, wazazi hoi kwa kucheka.

Tukafika kwenye piano. Akasema, "Hapa jihadharini! Kuna mzimu wa mvulana aliyekufa kwa pumu. Jioni hupiga piano peke yake."

Watu wakaangua kicheko. Kicheko, mwenzangu! Nikamshika mama mkono tutoke.

Hakutoka. Akamsogelea yule binti, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe umewahi kumsikia?"

"Aa, bibi, ni utani wetu tu."

Mama akasema, "Kumbe utani. Nilitaka kuomba nikae mpaka jioni."