Bidoni Yako ya Njano Imesimama

Mama Riziki wangu,

Leo asubuhi nimekuona tena. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, milima ya Burundi haionekani, na weye umekaa palepale Kalundu tunapotia dawa kwenye maji, juu ya bidoni yako ya njano, lile dumu la maji, sindano ya kupimia dawa mkononi, kitenge umekifunga vibaya kama kawaida yako. Nikajiuliza, si tulikuzika kule Sange, karibu na mashamba ya mpunga? Nikasogea. Ilikuwa bidoni tu.

Iko neno nataka ulisikie kwangu kwanza. Unakumbuka mradi wa kipindupindu ulipofungwa, wenye mradi wakapanda magari yao wakaenda? Weye ulicheka: "Waende, ziwa liko." Ukawa unakwenda mwenyewe kituo cha afya kuwasumbua mpaka wakupe klore, ile dawa ya maji. Ulipokufa, nani angewasumbua namna ile? Minye niko na haya, unanijua. Klore ikaisha.

Sasa sikiliza maajabu. Wamama waliendelea kuja! Wanachota, wanatua ndoo mbele ya bidoni yako, wanafungua kifuniko cha ndoo, wanangoja kidogo, halafu "aksanti, Mama Riziki," wanaondoka. Kama ndoto vile. Nilisimama pale nalia, nafurahi, nikidhani wanakukumbuka tu.

Kumbe wanakwenda kunywa maji yale bila dawa. Waliona kupita mbele ya kiti chako kunatosha. Mama Furaha, jirani yetu, alimpa mutoto wake maji yale, tukamkimbiza hospitali amelegea kabisa, macho yamezama. Amepona, Mungu asifiwe. Lakini nilikukasirikia, Mama, sikufichi. Kwa nini kazi yote ilikaa mikononi mwako peke yako?

Kesho yake niliipindua bidoni yako, mdomo chini. Nikawaambia wamama: mukiikuta hivi, dawa hakuna, mukachemshe. Mukiikuta imesimama, dawa iko. Kisha mimi na Mama Furaha tukaenda kukaa mlangoni pa kituo cha afya, tukakaa, tukakataa kuondoka, mpaka muganga akacheka: "Yesu wangu! Mama Riziki amefufuka." Akatupatia klore.

Mama Furaha sasa anapima vizuri kunishinda. Wifi yake pia. Hata wasichana wa kwaya wanapokezana, wanaimba huku wanapima, mradi wasipoteze hesabu! Nawaambia kama ulivyoniambia: "Dawa haina huruma, mwanangu. Angalia mstari." Na kwenda kusumbua kituo cha afya tunakwenda kwa zamu, hata minye.

Pumzika, Mama. Ukija tena na ukungu, kaa tu, usishike kitu. Bidoni leo imesimama. Nakuahidi sitaikalia peke yangu. Siku nitakapokufuata, watu wa Kalundu wanililie mimi tu, wasililie maji.

Mwanao wa sindano,
Bahati