Ansbert na mguu wa baba mkwe

Jesca, Ansbert kamkosa Tusajigwe! Leo, Segerea, kwenye posa!

Mshenga kaongea vizuri, mzee, baba yake Tusajigwe, kalainika, akakumbushia alivyotembea kwa miguu kwenye vita vya Kagera. Kazi ya Ansbert ilikuwa kunyamaza tu. Mwalimu wa historia anyamaze? "Wanahistoria wengine wanasema, mzee, jeshi letu lilijivuta mno."

Lilijivuta! Kamwambia aliyekuwepo!

Mzee kavua kiatu taratibu. Vimebaki vidole viwili tu, shoga. "Hao wasomi wako waje waukimbize mguu huu."

Ansbert jasho hadi kwenye soksi. Akaona ajiokoe: "Wapo pia wanaokutetea, mzee."

WANAOKUTETEA!

Mzee kamrudishia mshenga barua. Tusajigwe, aliyekuwa akimwita mpenzi asubuhi, ndiye kawafungulia geti: "Kwaheri, mwalimu."